Skrubu ya Gesi

Kuna skrubu moja, ndogo kama punje ya mtama,
chini ya kidole gumba chake cha kulia.
Ukiikaza, gesi haifunguki,
chombo kinakwenda mwendo wa bata avukaye barabara.
Ukiilegeza, ni habari nyingine.
Bisibisi yake nalala nayo mfukoni.

Nilikinunua Ngamiani kwa muuza vyuma chakavu:
hakina kiti, hakina breki ya nyuma,
matairi manne, matatu yana upepo.
Mama yake akauliza, "Hiki nini?"
Nikasema, pikipiki.
Akahesabu magurudumu kwa macho, akarudi jikoni.
Siku tatu tulikula kama wapangaji.

Kofia ya kichwa kidogo haikupatikana Tanga nzima.
Nikaagiza Mombasa; ikachelewa, Ramadhani ikaingia, ikatoka.
Miezi miwili Mwantumu alipanda chombo kilichozimwa
uani, chini ya turubai,
akanguruma kwa mdomo,
akabadili gia ambazo hazipo,
akamshinda mtu nisiyemwona, kila jioni,
mpaka akaitwa kuoga.

Ana miaka saba na miezi minne.
Shuleni wameandika: mpole, hanyooshi mkono.

Mashamba ya Pongwe yana njia za trekta
kati ya safu na safu ya mkonge.
Njia nzuri. Lakini mkonge una ncha,
na ncha haiulizi mtoto wa nani.
Ijumaa kabla ya siku ya kwanza nikaenda na panga,
nikapiga magoti ili niwe urefu wake,
nikaenda hivyohivyo kwa magoti, kona hadi kona,
nikikata kila mwiba uliofika usawa wa macho.
Macho yake, si yangu.
Wakata mkonge wakasimama kunitazama.
"Fundi Mbelwa, umepoteza nini?"
Nikajibu: bado sijapoteza.

Simama kwenye vyuma. Legeza magoti.
Kona ikija, egemea ndani, usiogope kuinama.
Tazama unakotaka kwenda, mwanangu,
ukilitazama shimo, shimo linakuita.

Nyuma ya injini kuna kamba, nikiivuta inazima.
Niliifunga kwenye mkono wangu, nikakimbia naye
Jumamosi ya kwanza, ya pili, ya tatu,
shati limeganda mgongoni, kandambili zimebaki njiani.
Ya nne akageuza kofia:
"Baba, unahema sana. Siisikii injini."

Nikafungua kamba.

Ya tano alianguka.
Si kwa mwendo, kwa jiwe tu, jiwe la kijinga,
nililolipita mara kumi kwa magoti yangu.
Chombo kulia, mtoto kushoto.
Nilisikia matairi yakizunguka hewani
na sikusikia kingine.
Kisha akakaa. Akatema udongo mwekundu.
Akaniuliza, "Kimeumia?"
Nikasema hakijaumia,
na sauti niliyoitumia sikuitambua.

Hapo ndipo nikamwona mama yake
amesimama mwanzo wa safu, chupa ya chai mkononi.
Alikuwa anapita, alisema.
Hakuna anayepita katikati ya mkonge wa Pongwe.
Begani ana pedi za magoti, ameshona mwenyewe
kwa turubai la zamani na sponji ya godoro letu:
kumbe ndiyo sababu ubavu wangu ulikuwa unagusa chaga.

Akamfunga kimya, goti moja, goti la pili.
Akamfuta pua. Akamsukumia kofia kichwani.
Mwantumu akapanda, akazunguka mara moja,
polepole, polepole, nilikuwa nimeikaza skrubu
hadi mwisho, wakati hawanioni.

Mama akanywa chai yangu.
"Mbona kinakwenda kama kinapelekwa zahanati?"
Nikanyamaza.
"Mashindano lini?"
Baada ya masika. Watoto sita. Mmoja wetu.

Akanyoosha mkono bila kunitazama:
"Lete hiyo bisibisi."

Akainama, akazungusha robo,
akaonja mzunguko kwa vidole kama anayeonja chumvi,
akaongeza kidogo.